Mwimbaji Anatoa Pumzi Yake

Hotuba iliyosemwa mbele ya korali zote, katika sherehe za Jubilei ya Parokia





Katika siku hizi za Jubilei, wengine wamekwisha kutueleza historia ya misioni yetu. Wametukumbusha Mapadri wa Asumpsio waliofika katika nchi yetu mwaka 1929, wametutajia Askofu Henri Piérard na Askofu Emmanuel Kataliko, na wametuhesabia mabatizo na ndoa zilizoandikwa katika vitabu vya parokia. Sisi makatekista tumeombwa kusema juu ya korali. Tumechagua jambo moja ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha parokia: nguvu za mwili ambazo waimbaji wetu wamezitoa, Dominika kwa Dominika, pasipo mshahara.

Vitabu vinaonyesha nani alibatizwa siku ya Pasaka. Havionyeshi nani aliyerudi nyumbani siku ile koo likimwuma, miguu ikimtetemeka, sauti yake imekwisha kabisa. Neno tunalotaka kuwaachia ndilo hili: kuimba ni kazi ya mwili, na yule anayeutoa mwili wake kwa mapendo anapashwa kulindwa na wale anaowaimbia.

I. Mwili unaoimba

Wako watu wanaosema kwamba korali ni mchezo wa vijana. Wanasema: mkulima analima, fundi anajenga, mama anabeba mzigo mgongoni kutoka bondeni, lakini mwimbaji anafungua kinywa tu. Ndugu, tuangalie basi kitu gani kinatendeka ndani ya mtu anapofungua kinywa hicho.

Mtu aliyeketi kimya anavuta katika pumzi moja karibu nusu litri ya hewa. Kuvuta na kutoa kunafuatana pole pole, naye hafikiri lolote juu yake. Lakini mwimbaji sherti avute hewa nyingi kwa mara moja, katika nafasi ndogo iliyo kati ya neno na neno, kisha aitoe kidogo kidogo mpaka mwisho wa mstari. Chini ya mapafu uko msuli mpana, wenye umbo la bakuli lililogeuzwa, unaotenga kifua na tumbo; waganga wanauita diafragma. Pumzi inapoingia, msuli huo unashuka na mbavu zinapanuka. Pumzi inapotoka, misuli ya tumbo, ya mbavu na ya mgongo inashindana nayo ili isitoroke yote kwa mara moja. Ndiyo sababu mwimbaji mpya, kisha mazoezi yake ya kwanza, anashangaa kwamba si koo linalomwuma, bali ni mbavu na tumbo, kama mtu aliyelima siku nzima.

Katika koo ziko kanda mbili ndogo za sauti. Urefu wake haufiki sentimita tatu. Pumzi inapopita, kanda hizo zinafunguka na kufungana upesi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Noti ya la, ile ambayo wapiga vyombo wanaitumia kupatanisha vyombo vyao, ni mitetemo 440 kwa sekunde moja. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Tuseme kwamba dada wa sauti ya soprano ameimba jumla ya saa moja katika Misa ya sikukuu, na kwamba kwa kadiri kanda zake zimegongana mara 250 kwa sekunde. Katika saa ile moja zimegongana mara 900 000. Nani kati yetu angeweza kupiga makofi mara 900 000 na viganja vyake visivimbe?

Tena tukumbuke mahali Mungu alipotuweka. Butembo iko juu ya mita 1 700. Katika mwinuko huo, kila pumzi inaleta karibu sehemu nne tu katika sehemu tano za hewa ya uzima ambayo mtu wa pwani ya bahari anaipata. Sisi wenyeji tumezoea, damu yetu imejifunza. Lakini mwimbaji anayepanda mlima kwa miguu ili kufika kanisani, kisha akaanza wimbo wa kuingia mbele ya moyo wake kutulia, anaujua ukweli huo hata kama hakuusoma shuleni. Huko Beni chini, mlima si mrefu, lakini joto na jasho vinafanya kazi ileile: vinaukausha mwili, na koo kavu halitii amri.

Haya yote ni kuimba tu. Bado hatujataja kucheza. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, imeweka ndani ya Misa ule mwendo wa mwili ambao wazee wetu waliujua: wakati wa Utukufu kwa Mungu, Padri na watumishi wake wanaizunguka altare wakicheza, na taifa linacheza mahali lilipo. Tunamshukuru Mungu kwa zawadi hiyo. Lakini mjaribu kupiga hatua, kupiga makofi, kutazama mkono wa kiongozi na kutunza sauti isitetemeke, yote kwa pumzi moja. Huyo anayefanya hivyo si mchezaji; ni mfanyakazi.

II. Eklezia haikudharau mwili wa mwimbaji

Hatusemi jambo jipya. Katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 9, tunasoma kwamba waimbaji wa hekalu waliondolewa kazi nyingine, kwa sababu utumishi wao uliwashika usiku na mchana. Na katika sura ya 25 tunaona namna Mfalme Daudi alivyowapanga: waimbaji waliofundishwa walikuwa 288, wakagawanywa katika makundi 24, kila kundi watu 12, nao wakapiga kura ili kila kundi lijue zamu yake. Oneni hekima hiyo. Daudi mwenyewe alikuwa mwimbaji. Alijua kwamba sauti inachoka. Hakuwaambia watu 12 waimbe mwaka mzima na wengine 276 wawatazame.

Tena, katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, Paulo na Sila wamepigwa fimbo, miguu yao imefungwa katika gogo, na usiku wa manane wanaimba sifa za Mungu. Mara nyingi tunahubiri juu ya imani yao, na ni haki. Lakini tuutazame pia mwili wao. Mtu mwenye mgongo uliopasuliwa kwa fimbo hapanui mbavu pasipo maumivu. Kila mstari wa sifa ile ulilipwa kwa maumivu, nao waliulipa.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, nambari 29, unasema wazi kwamba watu wa korali wanatimiza utumishi wa kweli wa liturjia. Na maagizo ya Roma juu ya muziki mtakatifu, ya tarehe 5 Machi 1967, yanataka waimbaji wafundishwe muziki, na tena wafundishwe liturjia na mambo ya roho. Kama ni utumishi, basi una mahitaji yake. Hatumtumi mhudumu wa altare pasipo kanzu. Kwa nini tumtume mwimbaji pasipo pumzi?

Katika nchi yetu wenyewe, dunia nzima imesikia tunda la mazoezi kama hayo. Huko Kamina, katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliwakusanya wavulana na walimu, na mwaka 1958 wakaimba Misa inayojulikana kwa jina la Missa Luba, maneno ya Kilatini juu ya namna za kuimba za kwetu. Walioisikia Ulaya walistaajabu. Lakini hakuna anayepata sauti kama ile kwa kustaajabiwa. Inapatikana kwa kurudia, na kurudia tena.

III. Kazi ya mapendo

Hapa yatupasa kugusa swali ambalo limesumbua parokia nyingi, nasi pia. Vijana fulani wanauliza: kama kuimba ni kazi, kwa nini hatulipwi? Wanaona waimbaji wa harusi mjini wanalipwa, wanaona wapiga gitaa wanalipwa. Swali lao si la dharau, na tusiwajibu kwa hasira.

Lugha za Ulaya zina neno kwa ajili ya mtu anayefanya kazi ngumu pasipo mshahara: neno hilo limetoka katika kitenzi cha Kilatini, amare, maana yake kupenda. Sisi tuliopita katika seminari ndogo tulijifunza kitenzi hicho katika somo la kwanza kabisa. Yule anayeitwa hivyo si mtu asiyejua kazi yake. Ni mtu anayeifanya kwa mapendo. Baba wa familia halipwi kwa kuinuka usiku mtoto anapolia. Mama halipwi kwa maziwa yake. Hakuna mwenye akili anayesema kwamba kazi yao ni ndogo kwa sababu haina bei.

Ndivyo ilivyo kwa korali. Wana-korali wetu wananunua vikwembe vya sare kwa franka zao. Wanatembea kutoka kartiye za mbali. Fundi anaacha chukudu yake, mwalimu anaacha madaftari yake, dada anaacha biashara yake sokoni saa ile wateja wanapokuja. Wanafanya hivyo kwa hiari. Lakini tuelewane vizuri: hiari ya mwimbaji haitupi sisi ruhusa ya kumtumia mpaka aishe. Mtumishi wa mshahara akichoka, anasema, na mwajiri anasikia kwa kuogopa kumpoteza. Mtumishi wa mapendo akichoka, mara nyingi ananyamaza, kwa sababu anaona haya. Kisha siku moja haonekani tena, na sisi tunasema: vijana wa leo hawana imani. Pengine imani anayo. Pumzi ndiyo iliyokwisha.

IV. Miaka ya taabu

Ndugu, hatuwezi kusema juu ya pumzi pasipo kukumbuka miaka tuliyoipita.

Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wetu kutoka vijiji vingi. Waimbaji wa Oicha, wa Mbau, wa Eringeti walifika Butembo na Beni mjini pasipo kitu mikononi. Wengi wao hawakubeba hata daftari ya nyimbo. Nyimbo walizibeba kichwani na kifuani. Korali zetu ziliwapokea, na tunajua sauti gani za besi na za alto zilizopata nguvu kwa kuja kwao.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, iliyodumu mpaka tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2 200, wengi wao katika miji yetu na vijiji vyetu. Tuliacha kupeana mikono ya amani. Tulinawa maji ya klori mlangoni mwa kanisa. Mbele ya ugonjwa ule kwisha, ukafika ugonjwa wa korona, na tangu Machi 2020 makanisa yakafungwa kwa miezi. Hapo tulijifunza jambo moja zaidi juu ya pumzi ya mwimbaji. Katika Jimbo la Washington, Marekani, watu 61 wa korali moja walikusanyika kwa mazoezi tarehe 10 Machi 2020. Zaidi ya 50 waliugua, na 2 walikufa. Pumzi ya anayeimba inakwenda mbali kuliko ya anayesema, kwa sababu inasukumwa kwa nguvu za mwili mzima. Ni baraka mtu akiwa mzima. Ni hatari akiwa mgonjwa.

Na vita haikuziacha hata nyumba za sala. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili, Beni, mbele ya Misa ya kipaimara, na akina mama wawili wakajeruhiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite, Komanda, katika Ituri, wakristu waliokusanyika kwa mkesha wa sala walishambuliwa, na zaidi ya 30 wakauawa. Tunawaombea pumziko la milele. Nasi tunawaambia viongozi wa korali: mazoezi ya usiku, ambayo zamani yalikuwa furaha yetu, leo ni jambo la kupima kwa akili nyingi. Binti anayerudi peke yake gizani ni deni juu ya dhamiri yetu.

Hata hivyo watu hawakuacha kuimba. Tuliimba katika mazishi pasipo kugusa sanduku. Tuliimba nyumbani kanisa lilipofungwa. Mwaka 2013, watafiti wa chuo kikuu cha Gothenburg, huko Sweden, waliipima mioyo ya vijana waliokuwa wakiimba pamoja. Wakaona kwamba mapigo ya mioyo yao yanaongezeka na kupungua kwa pamoja, kwa kuwa wanavuta na kutoa pumzi kwa pamoja. Watu waliopoteza nyumba na ndugu wamekaa bega kwa bega na watu wa kartiye nyingine, wakivuta pumzi moja. Hiyo ni dawa ambayo haiuzwi katika farmasi.

V. Mashauri kwa waimbaji

Sasa tuwaambie wana-korali wenyewe namna ya kuuchunga mwili wao.

Kwanza, jifunzeni kupumua mbele ya kujifunza wimbo. Lala chali, weka kitabu juu ya tumbo, ukivuta hewa, kitabu kipande, mabega yasisogee. Kisha toa pumzi kwa sauti ya nyoka, pole pole, ukihesabu 10, halafu 15, halafu 20.

Pili, pasheni sauti moto. Anzeni na kuguna midomo ikiwa imefungwa, katika noti za katikati. Anayeanza asubuhi kwa noti za juu anafanana na mtu anayekimbia mlimani mara tu anapotoka kitandani.

Tatu, kunyweni maji mapema. Maji hayagusi kanda za sauti. Yanapita njia ya chakula, na ni mwili unaozilowanisha kutoka ndani. Kwa hiyo maji ya saa mbili zilizopita ndiyo yanayosaidia. Vilevile yai bichi, ambalo wengine wanalimeza kwa imani kubwa, linakwenda tumboni tu. Kasiksi na pombe nyingine zinakausha. Moshi wa kuni unachoma koo. Mama anayepika ndani ya jiko lisilo na dirisha aikumbuke alto yake.

Nne, msijaze tumbo kwa fufu na kusimama mara moja kuimba. Diafragma haiwezi kushuka juu ya tumbo lililojaa. Lakini msifunge kabisa pia siku ya Misa ndefu. Mfungo wa Ekaristi ni saa moja mbele ya komunyo, nao unaacha nafasi ya kunywa uji asubuhi na mapema.

Tano, simameni juu ya miguu miwili, magoti yasikazwe. Wengi walioanguka katika Misa za sikukuu walikuwa wamekaza magoti kama askari.

Sita, msipige kelele. Sauti inayoshindana na ngoma au na mikro ya jirani inashindwa siku zote. Kama husikii sauti ya aliye karibu nawe, wewe ndiwe unayeimba kwa nguvu mno.

Saba, sauti ikikauka, nyamazeni. Msinong'one, kwa maana kunong'ona nako kunachosha koo. Na kama sauti haikurudi katika majuma matatu, nendeni hospitalini kwa mganga; msingoje.

VI. Maombi yetu kwa parokia

Tunamaliza kwa maombi matano, ambayo tunayaweka mbele ya Baba Padri na baraza la parokia kama zawadi ya Jubilei kwa waimbaji.

La kwanza: zamu. Korali moja isiimbe Misa mbili katika Dominika moja. Kama Daudi aligawanya watu 288, sisi pia tunaweza kugawanya wetu.

La pili: mazoezi yaishe saa kumi na moja ya jioni. Kwetu, karibu na ikweta, jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Saa moja inatosha ili kila mtu afike kwao kukiwa bado mwanga.

La tatu: bidoni ya maji yaliyochemshwa iwekwe karibu na mahali pa korali, na kila mwimbaji awe na kikombe chake mwenyewe.

La nne: faini ya kutofika isimguse mgonjwa. Mwenye kikohozi anayebaki nyumbani analinda wenzake, tumshukuru, tusimtoze.

La tano: mapumziko. Kisha Juma Takatifu na Dominika ya Pasaka, korali zipumzike juma moja pasipo mazoezi, na taifa zima liimbe nyimbo linazozijua. Tena familia inayoita korali kwa mazishi ya mbali iwape waimbaji walau uji mbele ya kurudi.

Maombi haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji sisi tulioketi katika benchi tukumbuke kwamba uzuri tunaousikia unatoka katika kifua cha mtu, na kwamba kifua hicho kesho asubuhi kitabeba mizigo, kitalima, kitafundisha watoto. Wengi wa waimbaji wa kwanza wa parokia hii wamekwisha kuzikwa. Waliimba mpaka uzee kwa sababu mtu fulani aliwaonea huruma, akawaambia: leo pumzika, mwenzako ataimba. Tuwe watu wa namna hiyo kwa wale waliosimama mbele yetu leo.

Mtakatifu Sesilia, ambaye sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba, awaombee wana-korali wetu wote. Mwenye Heri Anuarite awaombee. Na Mungu, aliyempulizia mtu wa kwanza pumzi ya uzima puani, apokee pumzi tunayomrudishia tukiimba.